Je, Wajua? Kochi la Ngozi na Nta ya Nyuki wa Katavi

Je, wajua kwamba kinga nzuri ya kochi la ngozi hutoka kwenye mizinga ya misitu ya miombo? Inyonga, wilayani Mlele mkoani Katavi, inasifika kwa asali, lakini nta yake haijapewa heshima inayostahili majumbani.

Ngozi ina asidi kidogo. Sabuni ya kufulia ina alkali. Ukiisugua ngozi kwa sabuni hiyo, mafuta yake hutoka, na kiangazi kirefu cha Mpanda humalizia kazi kwa nyufa. Tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu, kisha iache ikauke mbali na jua.

Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64. Iyeyushe kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, kamwe usiliweke motoni moja kwa moja, maana nta huwaka. Changanya na mafuta ya nyonyo, acha ipoe, jaribu kwanza nyuma ya kochi, kisha paka safu nyembamba na ung'arishe.

Masika yakileta ukungu juu ya ngozi, ufute kwa kitambaa kikavu na ufungue madirisha.

Kochi la leksini lisipakwe nta: ni plastiki, hainyonyi kitu.