Je, Wajua Kuna Swichi Iliyopigwa Marufuku Kenya?

Ingia saiba yoyote ya Mji wa Kale, Mombasa, ufuate nyaya za kompyuta. Kuta za matumbawe za majumba ya huku ni nene, mawimbi ya waifai huzipenya kwa taabu, kwa hiyo waya bado una kazi. Nyaya zote huishia kwenye kisanduku bapa chenye vitaa vinavyopepesa. Hiyo ndiyo swichi. Fundi akiitaja, usitazame ukutani kutafuta ya taa.

Kila kifaa kina anwani ya biti 48. Swichi ikiwashwa haimjui yeyote. Data ikiingia kwa tundu la tatu, huisoma anwani ya mtumaji na kuiandika: huyu yuko la tatu. Mpokeaji asipojulikana, hupeleka nakala kwenye matundu mengine yote. Akijibu, naye huandikwa. Tangu hapo mazungumzo yao hupita kwa matundu hayo mawili tu. Anayekaa kimya, kwa kawaida dakika tano, hufutwa. Habu iliyotangulia swichi haikujifunza kitu: kila ujumbe iliupigia mbiu ya mgambo mtaa mzima.

Sasa ikuze swichi hiyo itoshe nchi. Zamani barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili tofauti za intaneti, hata kama nyumba zao zilipakana Ndia Kuu, ilipanda hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, ikashukia ng'ambo, ikageuzwa, ikarudi kwa njia hiyohiyo. Novemba 2000 kampuni hizo zikakutanisha nyaya zao Nairobi, kwenye kituo cha KIXP, ambacho moyo wake ni swichi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na tume ya mawasiliano ikaamuru kifungwe. Ajabu, maana data ile haikuvuka hata mpaka wa Namanga! Kilifunguliwa tena Februari 2002.

Mwaka 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa kupitia baharini, na baadaye KIXP ikapata kituo cha pili huku pwani. Februari 2012 meli ikatia nanga pasiporuhusiwa, nje ya bandari, ikaikata TEAMS. Intaneti ya kwenda nje ikasuasua. Data ya Mkenya kwa Mkenya iliyopitia KIXP haikuwa na haja ya kugusa bahari.