Kuandika na mukono mumoja

Wandugu watumishi, mutu aliyekatwa mukono ndani ya aksida ya kazi anajiuliza mapema: sasa nitaandika namna gani? Kazi ya biro na ya magazini inaomba kuandika kila siku. Ujue basi kwamba kuna klaviye ya mukono mumoja.

Katika klaviye ya kawaida, kila herufi ina kifungo chake, na mukono unakimbia huku na huku. Hii nyingine inaweza kuwa na vifungo vitano tu, kimoja kwa kila kidole. Vidole havihami; unabonyeza kimoja ao vingi pamoja, kama mupiga kinanda. Fanya hesabu: kila kidole kinakaa juu ao kinashuka, basi vidole vitano vinatoa namna 32. Ondoa ile ya vidole vyote juu, zinabaki 31. Herufi ni 26, zinatosha! Bwana Douglas Engelbart alionyesha klaviye ya vifungo vitano kule San Francisco, Marekani, tarehe 9 Desemba 1968. Masini zingine zinaongeza vifungo vya kidole gumba, kwa herufi kubwa na namba.

Tuseme gumba peke yake ni A, kidole cha pili peke yake ni B, vyote viwili pamoja ni C. Anza hivyo juu ya meza ya nyumbani, bila masini. Mutoto anayesoma shule ataje herufi, wewe ushushe vidole. Lakini kila masini ina alfabeti yake. Ukiipata, fuata karatasi yake. Kwa nyingi, herufi inatoka wakati unapoinua vidole, si wakati unapobonyeza. Hapo wengi wanakosea siku za kwanza.

Kama unaandika mistari michache tu kwa siku, klaviye ya kawaida inatosha, na bei yake ni ndogo.

Mama wa nyumba, usimwandikie bwana kila kitu.

Tena angalia mukono uliobaki, kwani unafanya kazi ya miwili. Kidonda kipone kwanza. Jifunze dakika kumi na tano, pumzika, rudilia. Kiwiko kikae juu ya meza, kiganja kisipindwe. Gumba na vidole viwili vinavyofuata vikifa ganzi usiku, simamisha mazoezi na uje kwetu dispanseri, usingoje mwisho wa mwezi.