Mkunga wa Kijiji Asomeshwe na Nani?

Anayetaka kusomea ukunga Tanzania huanza kwa kuhesabu ada, na hapo ndipo hesabu inapoanza kumpotosha. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga ni ya miaka 3. Ada ya chuo cha serikali huzidi shilingi milioni 1 kwa mwaka, na vyuo binafsi mara nyingi hupanda zaidi. Weka hosteli, chakula, sare, viatu, bima ya mwanafunzi ya shilingi 50,400, mitihani, na nauli za kwenda mafunzo ya vitendo hospitalini. Fedha hizo si haba, lakini mzigo mzito haumo kwenye fomu ya kujiunga. Ni miaka 3 ya kukosekana nyumbani na kazini, kisha kusubiri ajira bila kujua itatoka lini.

Mzigo huo haulingani mabegani. Binti aliyemaliza kidato cha nne mjini, wazazi wakiwa na mshahara, anaubeba akiyumba kidogo. Sasa tumfikirie mhudumu wa afya wa zahanati ya kijijini, mama wa watoto wawili. Kazi yake kwenye karatasi ni usafi na kumsaidia muuguzi. Usiku muuguzi akiwa amekwenda wilayani kufuata dawa, anayemshikia mjamzito tochi na kumpokea mtoto ni yeye. Kijijini wanamwita nesi, naye amechoka kuwasahihisha. Ukiuliza nani apelekwe kusomea ukunga, jibu linaonekana kwa macho. Lakini yeye ndiye asiyeweza kuondoka.

Kizingiti cha kwanza hata si fedha. Chuo kinadai ufaulu wa angalau D katika Biolojia, Kemia na Fizikia. Aliyesoma shule ya kata isiyo na maabara wala mwalimu wa Fizikia ameshaondolewa kwenye foleni kabla hajaulizwa ada atatoa wapi. Siwatetei wanaotaka sifa zishushwe. Anayehesabu matone ya dripu anahitaji hesabu. Ninachosema ni kwamba gharama ya mkunga wa kijijini huanza kidato cha tatu, na wafadhili wengi hufika wakati mlango umeshafungwa.

Kwa nini jambo hili ni la sasa? Kwa sababu kina mama wamesikia wito wa kujifungulia vituoni. Mwaka 2007 serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 63 ya watoto wakizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ukakuta 81. Makadirio ya vifo vya uzazi nayo yakashuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Kuta zimejengwa na wajawazito wanakuja. Mikono ya kuwapokea haiongezeki kwa kasi ya matofali.

Fedha basi zitoke wapi? Kwa miaka mingi mikopo ya Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi 2005, ilikuwa ya wanafunzi wa shahada, huku mkunga wa zahanati akiwa mtu wa cheti au stashahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi imefungua dirisha la stashahada kwa fani za kipaumbele, baadhi ya kozi za afya zikiwemo. Ni hatua njema, nami naisifu bila kinyongo. Ila mkopo huo umejengwa juu ya dhana moja: kwamba mhitimu atapata mshahara. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Asiyeajiriwa hupewa miezi 24 tangu ahitimu, kisha anadaiwa.

Zamani dhana hiyo haikuwa na shida. Mhitimu wa afya alipangiwa kituo, akafunga mizigo, akaenda. Mwaka 2016, wakati wa uhakiki wa watumishi hewa, ajira za serikali zilisimamishwa. Zilipofunguliwa, mambo yakawa ya vibali na kuomba kwa ushindani mtandaoni, nafasi zikiwa chache kuliko wenye vyeti. Hapo katikati ndipo neno "kujitolea" lilipopata maana mpya. Mkunga aliyesajiliwa anaomba kufanya kazi zahanati ya kwao, anapewa posho ndogo kutoka mapato ya kituo, au hapewi kitu, na anazalisha. Anaitumikia jamii yake kwa jasho lake, huku deni la masomo likimngoja. Mtu wa namna hii ameshaanza kulipa. Tatizo ni kwamba anakilipa kijiji, na daftari la Bodi halijui lugha hiyo.

Hili ndilo ningependa lifikiriwe kwa utulivu. Utumishi unaweza kuwa malipo. Bibi zetu walijua: mkunga wa jadi hakulipa ada, alimfuata mkunga mzee miaka mingi, akichemsha maji na kufua vitambaa, mpaka naye akaaminiwa. Leo tunaweza kuandika kwamba kila mwaka wa kujitolea uliothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya upunguze sehemu ya deni. Wapo watakaosema vyeti vya kujitolea vitaghushiwa, na hofu yao si ya kipuuzi. Lakini kazi ya mkunga ina kumbukumbu za maandishi kuliko kazi nyingi: kila uzazi huandikwa kwenye rejista.

Mkataba wa kusomeshwa kwa sharti la kurudi nao ni mzuri, endapo una pande mbili. Ethiopia, Chuo cha Wakunga cha Hamlin kilichoanza 2007 huchukua mabinti kutoka vijijini, huwasomesha bure, kisha huwarudisha kwenye vituo vya maeneo yao. Siri yake sioni kuwa ni uzalendo wa mabinti hao. Ni kwamba kituo kinawangoja. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2010 lilipendekeza kuchagua wanafunzi wenye asili ya vijijini, kwa kuwa ndio wenye uwezekano mkubwa wa kufanya kazi huko. Ukimfunga binti kwa mkataba wa kurudi kijijini wakati ikama ya zahanati, yaani orodha ya nafasi zake za watumishi, haina nafasi yake, umemfunga kwenye mti.

Na yule mhudumu wetu? Akipewa ruhusa ya masomo na mshahara wake ukaendelea, zahanati ndiyo inayolipa, kwa sababu nafasi yake inabaki wazi. Kenya ilijaribu njia nyingine mwaka 2005: wauguzi wa cheti walipandishwa kufikia stashahada kwa masomo ya mtandaoni, kwa ushirikiano wa shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi, wakiwa bado kazini. Nadharia inasomeka hivyo vizuri tu. Ukunga wenyewe hausomeki kwenye skrini, na zahanati yenye uzazi wa nadra haiwezi kujaza kitabu cha vitendo cha mwanafunzi. Lazima akae wodi ya wazazi ya hospitali kubwa kwa vipindi. Vipindi vifupi vyenye mtu wa kumshikia kazi ni nafuu kuliko miaka 3 mfululizo.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni za biashara, na mwanafunzi wa ukunga hana kikundi. Zisiguswe. Lakini hakuna kinachoizuia halmashauri kupanga, nje ya fungu hilo, kumsomesha mtu mmoja kwa mwaka na kumwombea nafasi kwenye ikama siku ileile anayosaini mkataba.

Diwani unayesoma haya, kabla ya kikao cha bajeti pita zahanati ya kata yako uombe kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya; ndiyo rejista ya wazazi. Tazama waliojifungua usiku, kisha uulize ni nani aliyewazalisha na ana cheti gani. Jina utakalotajiwa ndilo la kuanza nalo.