Gauti: tiba iliyotangulia maarifa

Mgonjwa wa gauti hulala akiwa mzima. Usiku wa manane huamka kidole gumba cha mguu kinawaka, kimevimba na kung'aa, na shuka ikikigusa tu anapiga kelele. Hata hatua za mtu anayepita chumbani humwongezea maumivu. Hivyo ndivyo Thomas Sydenham, daktari wa Kiingereza, alivyoueleza ugonjwa huu mwaka 1683, na alijua anachokisema kwa sababu yeye mwenyewe aliugua gauti kwa miaka mingi. Mkulima wa pamba wa Malampaka au dereva wa lori la mpunga akishikwa na gauti leo atayakuta maumivu yake yote katika maelezo hayo.

Tofauti huanza kunapokucha. Malampaka ni mji mdogo wa wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, katika nchi ya Wasukuma, uliokulia kando ya reli ya Tabora hadi Mwanza, na mguu uliovimba ghafla una wataalamu wengi huko. Wapo watakaosema mgonjwa amekanyaga dawa aliyotegewa njiani, wakamtafuta mfumu, yaani mganga wa jadi. Wapo watakaoshauri achanjwe na kuumikwa kwa pembe ili damu chafu itoke. Wengine watamwelekeza duka la dawa muhimu akanunue diklofenaki. Kila njia kati ya hizo ina ndugu yake katika historia ya tiba ya gauti duniani, na historia hiyo ina jambo la kushangaza: dawa iliyotuliza kweli ilijulikana zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mtu yeyote kufahamu ugonjwa wenyewe ni nini.

Leo tunafahamu. Mwili unapovunjavunja viini vya seli, vyake wenyewe na vile vya chakula, hubaki taka iitwayo asidi ya yuriki, ambayo hutolewa zaidi na figo. Wanyama wengi, ng'ombe na mbuzi wakiwemo, wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi taka hiyo. Binadamu hana, mababu zake walikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita. Asidi ikizidi katika damu, kupita kiasi cha miligramu 6.8 kwa desilita, hushindwa kuyeyuka, ikaganda kuwa chembe za chumvi zenye ncha kama sindano. Chembe hizo hupenda kuganda penye ubaridi, na kidole gumba cha mguu ni miongoni mwa sehemu zenye ubaridi zaidi mwilini. Askari wa mwili, yaani chembechembe nyeupe za damu, huzivamia wakidhani ni adui. Vita hivyo ndiyo maumivu.

Wagiriki wa kale hawakuwa na darubini. Hippocrates, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliona mambo ambayo hadi leo yana ukweli kwa sehemu kubwa: kwamba wanawake hawapati gauti mpaka hedhi ikome, na kwamba matowashi hawaipati. Lakini kuhusu chanzo, yeye na waliomfuata waliamini kwamba mwili una majimaji manne, na kwamba yanayozidi hudondokea kwenye kiungo. Ukiamini hivyo, tiba inajileta yenyewe: toa kilichozidi. Kwa karne nyingi wagonjwa wa Ulaya walikatwa mishipa, wakabandikwa ruba, wakapewa dawa za kutapisha na kuharisha. Miaka ya 1670 mchungaji wa Kiholanzi aliyeishi Batavia, Hermann Busschof, aliandika kitabu kizima kusifu tiba aliyofanyiwa na mganga mwanamke wa huko Asia, ya kuchoma majani makavu juu ya ngozi ya mguu unaouma. Kitabu chake kilisomwa sana Ulaya.

Kwa hiyo pembe ya kuumika ya Usukumani si jambo la kuchekwa na mtu aliyesoma. Ilitokana na fikra ileile waliyokuwa nayo madaktari wa wafalme, na ilikuwa na bahati ileile: shambulio la gauti huisha lenyewe baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili, hata lisipotibiwa. Mganga wa London na mfumu wa Maswa wote wawili walipongezwa kwa kazi iliyofanywa na mwili. Tatizo la kuchanja ni jingine. Kidonda kilichokatwa juu ya kiungo kilichovimba, au juu ya vinundu vya chumvi vinavyoota kwa mgonjwa wa miaka mingi, ni mlango wa vijidudu.

Wazo la kwamba mtu amekanyaga dawa lina hatari kubwa zaidi. Maumivu yanayokuja ghafla usiku, bila jeraha wala homa ya kueleweka, hutafutiwa mhusika. Usukumani vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na tuhuma hizo mara nyingi huanzia kwenye ugonjwa ambao familia imeshindwa kuuelewa. Kumweleza mtu kwamba mguu wake umejaa chumvi iliyotoka kwenye damu yake mwenyewe ni tiba kwake, na pengine ni ulinzi kwa jirani yake.

Sasa dawa yenyewe. Katika karne ya 6 daktari wa Bizanti, Alexander wa Tralles, aliwapa wagonjwa wa gauti kiazi cha ua liitwalo kolchikamu, akaona maumivu yanakatika upesi. Waarabu na Waajemi waliliita suranjani, na Ibn Sina akaliandika katika Kanuni yake ya Tiba. Kisha Ulaya ikaliacha kwa muda mrefu, maana liliua watu. Lilirudi kwa mlango wa nyuma miaka ya 1780, wakati ofisa wa jeshi la Ufaransa, Nicolas Husson, alipoanza kuuza maji yake ya dawa bila kumwambia mtu yeyote yametengenezwa kwa nini. Matajiri waliyagombania. Siri ilifichuliwa mwaka 1814 na Mwingereza John Want, aliyeonyesha kwamba ndani yake mlikuwa na kolchikamu ileile ya kale.

Siri ya dawa ni jambo ambalo Msukuma analielewa. Vikundi vikubwa viwili vya ngoma vya Usukumani, Bagika na Bagalu, asili yake ni waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na dawa zilizofichwa zilikuwa silaha za mashindano yao. Usiri hulinda jina la mganga. Kwa mgonjwa una gharama: dawa isiyojulikana ni nini haiwezi kupimwa kipimo chake. Wanywaji wa maji ya Husson waliharishwa mpaka wakaishiwa nguvu, na madaktari wakafurahi wakidhani gauti inatoka na choo. Kumbe kuharisha ilikuwa dalili ya sumu.

Mwaka 1820 wanakemia wa Ufaransa Pelletier na Caventou, waliotenga kwinini mwaka huohuo, walitoa kiini cha ua hilo, ambacho leo kinaitwa kolchisini. Hakiondoi hata chembe moja ya chumvi. Kinachofanya ni kuzizuia chembechembe nyeupe zisikimbilie kiungoni, na vita vikipoa maumivu nayo hupoa. Kwa muda mrefu wagonjwa waliambiwa wameze kidonge baada ya kidonge mpaka waharishe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha jumla ya miligramu 4.8 na miligramu 1.8 tu, na dozi ndogo ikatuliza sawasawa na ile kubwa bila kuwatesa watu tumbo.

Hapa Tanzania hadithi hii ina sura yake. Porini katika sehemu nyingi za nchi huota mmea unaopanda juu ya vichaka kwa kujishika na ncha za majani yake zilizojikunja. Ua lake halisahauliki: petali sita zenye mawimbi, nyekundu zenye pindo la njano, zimepinda kuelekea nyuma kama ndimi za moto. Wataalamu wanauita Gloriosa superba. Viazi na mbegu zake zina kolchisini, na India huulima kwa ajili ya viwanda vya dawa. Mtu anaweza kudhani basi tiba ya gauti iko shambani kwake bure. Asijaribu kabisa. Kiazi kimoja kinaweza kuwa na sumu mara nyingi zaidi ya dozi ya kutibu, na hakuna anayeweza kuipima kwa macho. Sri Lanka na India watu wamekufa kwa kula viazi hivyo, wengine wakidhani ni viazi vya kawaida. Kwanza hutapika na kuharisha. Baada ya siku moja au mbili figo, moyo na damu huanza kushindwa. Wanakijiji wanaochimba mizizi ya chakula msimu wa njaa wanapaswa kulijua ua hili na kuliepuka.

Wakati dawa ikiuzwa, kazi ya kuuelewa ugonjwa ilikwenda polepole. Mwaka 1776 mwanakemia Carl Scheele wa Sweden aliipata asidi ya yuriki katika jiwe la kibofu. Mwaka 1797 Mwingereza Wollaston akaikuta kwenye kinundu cha mgonjwa wa gauti. Mwaka 1848 daktari wa Kiingereza Alfred Garrod aliikuta katika damu ya wagonjwa wa gauti, na baadaye alitumbukiza uzi katika majimaji ya damu ya mgonjwa, chembe zake zikaganda juu ya uzi. Ndipo ikawezekana kusema kwamba ugonjwa umo ndani ya damu na mguu ni mahali unapojionyesha tu.

Afrika Mashariki ilidhaniwa kuwa salama. Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton, aliyelala mgonjwa Tabora mwaka 1858 huku mwenzake Speke akiipita nchi ya Wasukuma kulifikia Ziwa Viktoria, alikuja kuugua gauti uzeeni, lakini Ulaya. Mwaka 1947 Hugh Trowell, daktari wa Mulago huko Kampala, aliona mgonjwa mmoja wa gauti kutoka Rwanda ni habari ya kutosha kuchapishwa katika jarida la tiba la Afrika Mashariki. Baadaye aliihesabu gauti miongoni mwa magonjwa yanayofuata mabadiliko ya maisha. Na maisha yamebadilika kweli: uzito umeongezeka, presha imeongezeka, bia na nyama choma vimekuwa vya kila wiki kwa mwenye kipato.

Lawama kwa chakula zimepita kiasi, hata hivyo. Wagonjwa wengi huambiwa waache maharage na mchicha, wakabaki na ugali mkavu. Hyon Choi na wenzake huko Marekani waliwafuatilia wanaume 47,150 kwa miaka 12. 730 kati yao walipata gauti. Nyama na vyakula vya majini viliongeza hatari, bia pia. Mboga na kunde zenye purini nyingi, yaani malighafi ya asidi ya yuriki, hazikuongeza. Maziwa, hasa yaliyopungua mafuta, yaliipunguza. Hiyo ni habari njema kwa nyumba ya Kisukuma yenye maziwa na kunde. Dagaa wa ziwani na maini ndivyo vya kupunguza, pamoja na pombe ya aina yoyote. Tena wapo wasiokula nyama wala kunywa pombe na bado wakaugua: wengine wamerithi figo zinazobana asidi, wengine wanatumia vidonge vya presha vya kukojosha au pirazinamidi ya kifua kikuu. Hao wasiache dawa zao. Wamweleze daktari.

Tiba inayogusa chanzo ilikuja karne ya 20. Gertrude Elion na George Hitchings, wakitafuta dawa za saratani, walitengeneza alopurinoli, inayouzuia mwili usitengeneze asidi ya yuriki kwa wingi. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1966, na mwaka 1988 wawili hao walikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel. Ikitumiwa vizuri, asidi ikishuka chini ya miligramu 6 na kubaki hapo, chembe zilizoganda huyeyuka kidogo kidogo, hata vinundu hupungua. Huanzwa kwa dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 100 au chini yake, na upele ukitokea huachwa mara moja na mgonjwa anarudi hospitali. Miezi ya mwanzo mashambulio yanaweza hata kuongezeka, na hapo ndipo wengi huitupa wakisema haiwafai.

Diklofenaki inafanana na maji ya Husson kwa jambo moja: inatuliza na kuacha chumvi palepale. Ikimezwa kila mwezi kwa miaka huumiza tumbo na figo, na figo iliyoumia huzidisha asidi. Aliyeshikwa na gauti mara mbili au zaidi kwa mwaka asiishie dukani. Aende hospitali, Bariadi au ikibidi Bugando jijini Mwanza, apimwe asidi ya yuriki na figo, akijua kwamba kipimo cha siku ya shambulio kinaweza kuonekana cha kawaida na kuhitaji kurudiwa. Kiungo kikivimba pamoja na homa kali, asingoje hata siku moja, maana huenda ni usaha. Na akiandikiwa alopurinoli, aimeze hata siku ambazo mguu haumwumi.