Kitabu kisicho na shahidi

Mapema mwaka huu nilialikwa kwenye kongamano la walimu wa Kiswahili huko Diani, Kaunti ya Kwale. Wakati wa chai nikajitenga na wenzangu, nikaenda kuchungulia kabati la vitabu lililo karibu na mapokezi ya hoteli. Waliofanya kazi katika hoteli za ufuo ule wanalijua kabati la aina hii: mgeni akimaliza kitabu alichokuja nacho hukiacha pale, akachukua kingine. Vilikuwapo vya Kijerumani, Kiingereza na Kiitaliano, kurasa zimejikunja kwa chumvi na mafuta ya kujipaka. Cha Kiswahili hakikuwapo hata kimoja.

Lakini si hilo lililonishika. Kilichonishika ni maandishi ya kalamu ndani ya jalada la riwaya moja ya Kijerumani. Nilimwomba kijana wa mapokezi, mzaliwa wa Msambweni aliyejifunza lugha hiyo kwa kuzungumza na wageni, anisomee. Akacheka.

"Mzee, huyu anasema hivi: mwanzo unakokota miguu, kuanzia katikati hutalala, mwisho haukunipendeza, lakini kisome."

Chini yake, mkono mwingine ulikuwa umejibu: mwisho ni mzuri, soma uamue mwenyewe.

Watu wawili wasiojuana, kila mmoja akimshuhudia msomaji wa tatu asiyemjua. Nimefundisha fasihi ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikumbuki kukiona kitu kama hicho ndani ya riwaya yetu yoyote. Vitabu vyetu vya maktaba huandikwa jina la shule, namba, na pengine "Juma anampenda Asha". Hukumu ya msomaji haimo.

Jioni ile nikakutana na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mwalimu upande wa Msambweni. Baada ya shikamoo na marahaba, akanieleza shida yake. "Prof, wanafunzi wangu wakimaliza mtihani wa Kidato cha Nne, Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha huuzwa wiki hiyo hiyo. Ila kila mwaka kuna wawili watatu wanaonifuata, 'Mwalimu, sasa tusome nini?' Sijui niwaelekeze wapi."

Nikatoa kalamu, nikamwandikia vitabu kumi papo hapo. Akaisoma orodha, kisha akauliza kwa adabu, "Na ni nani anayesema ni vizuri?"

"Mimi," nikamwambia.

"Wewe huonekani Msambweni, Prof."

Basi, msomaji wangu, swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kiswahili hakina uhaba wa vitabu. Kina uhaba wa mashahidi: watu wanaosoma kisha wakasema hadharani, kwa lugha ile ile ya kitabu, walichokiona humo.

Tuanze na maneno yenyewe. Tunasema uhakiki, na shuleni neno hilo limekuwa jina la karatasi ya mtihani. Lakini hakiki ni ndugu wa haki na hakika. Mtu wa pwani akikwambia "hebu ihakiki habari hiyo", anataka uthibitishe ukweli wake kabla ya kuisambaza. Mhakiki, basi, ni mtu aliyekwenda kuona mwenyewe akarudi na ukweli. Tuna pia uchambuzi. Kuchambua pamba ni kuitoa mbegu na takataka. Mama anayechambua mchicha pale soko la Ukunda hausimulii mchicha. Anakuonyesha jani la kutia chunguni na la kutupa. Lugha yetu, kwa hiyo, imeshatueleza kazi ya kumwelekeza msomaji: thibitisha, kisha tenganisha.

Tulichonacho badala yake ni mwongozo. Sina ugomvi nao. Mwongozo umewapa riziki wachapishaji na umewaokoa wanafunzi wengi. Unatoa muhtasari, unataja maudhui, unapanga wahusika na tamathali. Lakini kuna neno moja ambalo mwongozo hauwezi kulisema hata siku moja: "usisome". Kitabu kimeshateuliwa, mtihani uko njiani, mwanafunzi hana hiari. Hukumu isiyoweza kusema hapana si hukumu. Kijana anayejifunza kusoma kwa njia hiyo pekee humaliza shule akidhani riwaya ni kitu cha kujibiwa maswali, wala si kitu cha kupendwa au kuchukiwa.

Na kwenye uzinduzi wa vitabu je? Huko tunamiminiana asali. Kila mwandishi ni "mahiri", kila kitabu "kinajaza pengo". Nami nimeyasema maneno hayo, mara nyingine kuhusu kitabu ambacho sikuwa nimekimaliza.

Kosa langu kubwa zaidi ni jingine. Nimehakiki riwaya nyingi za Kiswahili, lakini karibu uhakiki wote niliuandika kwa Kiingereza, katika majarida ya kitaaluma, maana huko ndiko kulikopandisha vyeo. Nilifuata mkondo wa zamani. Hata lahaja za pwani hii ya kusini, Kivumba na Chichifundi, H. E. Lambert alizieleza kwa Kiingereza mwaka 1957 na 1958. Mzee wa Vanga au Shimoni alitoa maneno yake, maelezo yakaenda kwingine. Ndivyo na mimi nilivyofanya: nilikula riwaya nyumbani, nikaenda kushukuru kwa jirani.

Hasara yake ni hii. Mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoitwa Mabati-Cornell, leo Safal-Cornell. Mabati hayo ni yale yale yanayoezeka nyumba zetu, na kiwanda kipo Mariakani. Washindi wa 2015 walikuwa pamoja na Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya Penzi la Damu na Mohammed Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu. Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon ilishinda baadaye. Nilipoyataja majina haya mbele ya walimu kule Diani, mikono iliyoinuka niliweza kuihesabu bila kuongeza vidole vya mguu. Na hao ni walimu wa Kiswahili! Tuzo humpa mwandishi fedha na heshima. Wasomaji hapewi na tuzo. Wasomaji huletwa na msomaji mwingine.

Sasa nisiwe mhubiri asiyetenda. Katika ile orodha ya kumi, nilivichukua vitatu nikaviandikia upya, kwa mtindo wa kabati la Diani.

Rosa Mistika, Euphrase Kezilahabi, 1971. Binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa baba mlevi anapata uhuru asiojua kuutumia. Kiliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania, na watu wakakitafuta zaidi. Sentensi ni fupi, huruma ni kidogo; ukikifunga kwa hasira, hujakosea.

Siku Njema, Ken Walibora, 1996. Kijana Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta baba yake Kenya. Lugha ni tamu, inateleza. Ila sadfa zimezidi: watu wanakutana mno kwa bahati.

Vuta n'kuvute, Adam Shafi, 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, anaozwa mwanamume mzee. Anaivunja ndoa na kuingia katika dunia ya wapigania uhuru. Kwangu ndicho bora kati ya hivi vitatu. Lakini Denge, mwanaharakati wao, mara nyingine huhutubia pale ambapo angezungumza.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, haihitaji shahada. Sema kitabu kinahusu nini bila kuufichua mwisho. Sema kilichokushinda au kukuchosha. Sema ni nani atakayekipenda. Kisha tia jina lako, maana shahidi asiye na jina ni mmbeya. Na uandike kwa Kiswahili, hata hicho cha barazani, maadamu ni chako.

Nilimtumia mwalimu yule vitabu vitatu kwa basi, kila kimoja kikiwa na maneno yangu ndani ya jalada na nafasi tupu chini yake. Wiki jana akanitumia picha kwa simu. Katika Rosa Mistika hakuna aliyeandika. Katika Vuta n'kuvute kuna neno moja tu, "Kirefu". Lakini ndani ya Siku Njema, chini ya lalamiko langu kuhusu sadfa, msichana mmoja ambaye kwao ni Lunga Lunga, mpakani kabisa na Tanzania, ameandika hivi:

"Profesa anasema watu wanakutana mno kwa bahati. Huku kwetu jamaa wako pande zote mbili, na hukutana hivyo hivyo, kituo cha basi. Kisomeni."

Nimeurudia uhakiki huo mara tatu. Nafikiri itanibidi niisome riwaya ile upya.