Hisabati ya Vita Katika Ardhi Ngumu

Je, idadi ya askari pekee yaweza kuonyesha ni jeshi lipi litakaloshinda? Mwaka 1914 Frederick Lanchester, mhandisi Mwingereza aliyejulikana kwa kuunda magari, alilichunguza swali hili kwa milinganyo.

Kwanza alifikiria uwanja wa wazi, ambapo kila askari aweza kumlenga adui yeyote. Hapo hasara ya upande mmoja hutegemea idadi ya wapigaji wa upande wa pili. Kwa hiyo nguvu ya jeshi hupimwa kwa mraba wa idadi yake, ukizidishwa kwa uwezo wa kila askari. Chukua mfano wa askari 5,000 wanaopigana na 4,000 walio sawa nao kwa silaha. Kwa kuhesabu katika maelfu, 25 ukitoa 16 ni 9, na kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Upande mdogo ukiangamia, upande mkubwa hubakiwa na watu 3,000.

Mapambano hayo yakihamia katika njia nyembamba ya mlimani, mambo hubadilika. Wachache tu wa kila upande huweza kukabiliana; wengine hungoja nyuma. Hasara huwa sawa kwa pande zote mbili, na washindi hubaki 1,000 tu. Ardhi imewanyima faida ya wingi wao.

Ardhi pia huongeza uwezo wa anayejificha. Katika kisiwa cha Iwo Jima, mwaka 1945, Wajapani wapatao 21,500 walijihami ndani ya mapango na mahandaki dhidi ya Wamarekani wapatao 73,000. Mwaka 1954 J. H. Engel alilinganisha milinganyo ya Lanchester na kumbukumbu za vita hivyo. Aliona kwamba Mjapani mmoja aliwatoa vitani Wamarekani 0.0544 kwa siku, naye Mmarekani aliwatoa Wajapani 0.0106, tofauti ya mara tano hivi. Lakini kwa kanuni ya mraba, tofauti hiyo husawazishwa na wingi wa mara 2.3 tu. Wamarekani walikuwa mara 3.4, wakashinda. Hata hivyo, karibu 6,800 kati yao waliuawa, na Wajapani walikufa karibu wote.

Ikumbukwe kuwa tarakimu za Engel zilipatikana baada ya vita kwisha. Milinganyo hueleza yaliyotokea. Haimhakikishii jemadari yatakayotokea katika mlima asiowahi kuupanda.