Uchumba wa kuigiza: kwa nini binti yako haweki simu chini

Hadithi huanza karibu kila mara kwa namna moja. Dada wa kwaya ametimiza miaka 27. Wadogo zake wawili wameshaolewa, na kila ibada ikiisha kuna mama mmoja wa kanisa anayemshika mkono na kumuuliza: "Mwanangu, lini tutakula pilau?" Jumamosi ni harusi ya binamu yake. Amechoka na maswali, kwa hiyo anamwomba kijana anayepiga gitaa kanisani amsindikize na kujifanya mchumba wake, siku hiyo moja tu.

Msomaji anajua mwisho tangu ukurasa wa kwanza kwamba watapendana kweli. Hata hivyo anaendelea kusoma hadi simu inazima chaji.

Hadithi za uchumba au ndoa ya kuigiza zinapendwa sana katika riwaya za mapenzi za Kikristo. Mtindo huohuo umo pia katika simulizi za Kiswahili zinazotumwa vipande vipande kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp. Mzazi wa Nyarugusu, wilayani Kasulu, anayemwona binti yake ameinamia simu usiku ana haki ya kujiuliza kuna nini humo.

Si mtindo mpya

Mwaka 1979 mwandishi wa Kanada, Janette Oke, alitoa riwaya iitwayo Love Comes Softly. Marty, mwanamke kijana, anafiwa na mume wakiwa safarini kuelekea magharibi mwa Marekani. Clark, mgane mwenye mtoto mdogo, anamwomba aolewe naye kwa jina tu ili mtoto apate mlezi, na akitaka kurudi kwao baadaye atalipiwa nauli. Kitabu hicho huhesabiwa miongoni mwa vilivyofungua njia kwa riwaya za mapenzi za Kikristo za leo, na mwaka 2003 kilitengenezwa filamu.

Biblia yenyewe ina visa vya kuigiza, ingawa kwa upande wa pili. Katika kitabu cha Mwanzo, Ibrahimu alisema Sara ni dada yake, na Isaka akafanya vivyo hivyo kwa Rebeka. Waliogopa kuuawa kwa sababu ya wake zao. Uongo wa Isaka ulijulikana pale mfalme Abimeleki alipochungulia dirishani na kuona jinsi wawili hao walivyokuwa wakicheza.

Kinachomvuta msomaji

Sababu ya kwanza ni usalama. Msichana aliyelelewa kanisani ameambiwa mara nyingi mambo asiyopaswa kufanya na mvulana. Katika hadithi hizi wawili wanakaa karibu, wanashikana mikono mbele ya watu, lakini wana masharti waliyokubaliana, na mwandishi hawapeleki kitandani. Msomaji anaonja hisia za mapenzi bila kuona amevunja mpaka.

Ya pili ni kujulikana. Kwa kuwa uchumba ni wa uongo, binti hana haja ya kujipendekeza. Kijana anamwona akiwa amekasirika, akiwa anaumwa, akiwa hana hela, na bado anabaki.

Ya tatu ni toba. Katika riwaya za Kikristo uongo hauachwi upite hivihivi. Lazima ufichuke, na wahusika waombe msamaha kwa wazazi, kwa kanisa na kwa Mungu kabla ya harusi ya kweli.

Nyarugusu ina sababu yake ya ziada. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita Kivu Kusini, na kuanzia 2015 ikapokea pia maelfu ya Warundi. Wapo waliozaliwa humo na sasa wana watoto wao humohumo. Kurudi, kubaki au kuhamia nchi ya tatu ni mambo ambayo kwa kiasi kikubwa huamuliwa na wengine. Katika hadithi, binti anapanga masharti yake mwenyewe na yanaheshimiwa. Si ajabu hilo likamgusa anayesoma.

Maisha si riwaya

Hatari inakuja pale msomaji anapotaka kuijaribu hadithi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatumika Tanzania Bara yote, kambini pia. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, sheria inaweza kuwachukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyo pia inaruhusu mtu kudai fidia mahakamani kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa, na kudai zawadi zilizotolewa kwa ajili ya ndoa isiyofungwa.

Ndoa ya karatasi kwa ajili ya safari ni hatari zaidi. Wanaoomba kuhamia nchi ya tatu huhojiwa kuhusu familia zao, na uongo ukigundulika faili linaweza kusimamishwa. Huduma za UNHCR ni bure, kwa hiyo anayetaka pesa au "ndoa" ili amsaidie mtu kusafiri ni tapeli.

Kuna pia suala la afya. Kijana wa kwenye riwaya hadai malipo kwa kuigiza. Mwanamume wa kweli anaweza kukubali leo na kesho akadai tendo la ndoa, hasa akiwa amemzidi binti umri na ndiye anayemnunulia vocha. Mimba, magonjwa ya zinaa na VVU havijui kama uchumba ulikuwa wa mchezo. Binti aliyelazimishwa afikishwe kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU hutolewa ndani ya muda huo, na asilaumiwe kwa alichosoma.

Mzazi afanye nini?

Usimnyang'anye simu. Mwombe akusimulie hadithi, kisha muulize: nani aliweka masharti? Mmoja akitaka kujitoa, anaweza? Uongo ukifichuka, nani ataumia zaidi? Binti anayeweza kujibu maswali hayo kuhusu wahusika atayakumbuka siku mtu wa kweli atakapomjia na mpango.

Kisha jiangalie na wewe. Dada wa kwaya alitafuta mchumba wa uongo kwa sababu aliulizwa kuhusu pilau kila Jumapili. Kama shangazi na mama wa kanisa wanamsakama binti yako hivyo, waombe waache, naye asikie ukiwaomba.